Chande Wawili na Pua Moja

Palikuwa na nchi, na laiti isingekuwepo watu wengi wangelala vizuri. Iliitwa Jamhuri ya Shwari. Wasomaji wenye nchi zao wasihangaike kuichungulia kwenye ramani; haimo, na kama imo basi ni nyingine inayofanana nayo kwa bahati mbaya. Huko mambo yote yalikuwa shwari kwa mujibu wa sheria. Mtu akikuuliza hali, unajibu "shwari", hata kama paa la nyumba yako linawaka, na anayejibu vingine hupelekwa mahali akafundishwe kujibu.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo aliishi Sikudhani binti Mkanga, msusi mwenye saluni ya mabati karibu na soko. Wazazi wake walifariki mapema wakamwachia mdogo wake, Chande, angali anatambaa. Sikudhani alimbeba mgongoni huku anasuka vichwa vya watu, hata wateja wakazoea kusukwa na mtoto akiwachungulia begani. Chande alikua, akawa fundi baiskeli, kijana mpole asiyejua kugombana hata na tairi. Dada mtu alikuwa anamtafutia mchumba pale balaa lilipoingia.

Balaa lenyewe lilikuwa pua.

Mbele ya soko ilisimama sanamu ya Mtukufu Mlezi wa Taifa, mkono mmoja juu kama anayesimamisha gari, mwingine tumboni kama aliyeshiba. Kila mwaka kabla ya Siku ya Shukrani, ambayo wananchi humshukuru Mtukufu kwa kuwaruhusu kumshukuru, gari la zimamoto huja kuiogesha. Mwaka huo dereva alirudisha gari nyuma bila kutazama, ngazi ikagonga uso wa Mtukufu, pua ikang'oka na kudondoka kwenye karai la mama mkaanga maandazi. Soko zima liliona. Yule mama aliitoa kwa koleo, akaipuliza, akamkabidhi askari ingali ya moto.

Sasa zimamoto ni serikali, na serikali haiwezi kuvunja pua ya serikali. Ilibidi apatikane mtu, tena kabla ya taarifa ya habari. Gari la polisi halikuwa na mafuta ya kwenda kumtafuta. Mkuu wa kituo akazunguka ofisi, akakuna kichwa, mwisho akachungulia mahabusu. Humo alikuwemo Chande, aliyekamatwa alfajiri ya siku hiyo kwa kuendesha baiskeli isiyo na taa, ingawa jua lilikuwa limeshachomoza.

"Ya nini kuhangaika?" mkuu wa kituo akasema kwa furaha. "Huyu si tunaye tayari!"

Kesi ilisikilizwa na Jaji Msumeno, mzee aliyesifika kwa kuwa katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kumwachia mtu. Watu walisema hata nyumbani kwake kuku akiingia sebuleni hatoki. Sikudhani alisimama mbele yake, kanga kiunoni, akasema, "Mheshimiwa Jaji, pua ilipovunjika ndugu yangu alikuwa ndani. Polisi wenyewe ndio waliomfungia, na ufunguo wanao wao. Angeivunjaje?"

Jaji alivua miwani, akaifuta taratibu. "Mama, umetusaidia sana. Mahakama ilidhani inashughulika na mhalifu wa kawaida. Kumbe mtu huyu ana uwezo wa kufanya uhalifu akiwa mikononi mwa polisi, bila kutoka, bila kuonekana, na kurudi bila kuondoka. Hatari iliyoje!"

"Lakini soko zima limeiona ngazi ya zimamoto!"

"Watu wawili wakiona kitu kimoja ni ushahidi. Soko zima likiona kitu kimoja ni njama. Nakushauri usiwataje."

Akampa Chande miaka kumi na miwili: sita ya pua, na sita ya kutoroka mahabusu bila kutoka. Maafisa wakapiga makofi. Chande hakulia. Aligeuka kumtazama dada yake kama mtoto aliyesubiri kuambiwa kwamba ulikuwa utani, na alipoona dada hacheki, akashusha macho na kunyoosha mikono afungwe pingu.

*

Sikudhani hakukaa chini. Alianzia Ofisi ya Malalamiko, akaikuta imefungwa kwa kukosa malalamiko. Mlinzi alimweleza kwamba kila aliyekuja kulalamika alikuta pamefungwa, na ndiyo maana hayakupatikana. Akaenda Mahakama ya Rufaa. Majaji watatu wakampokea kwa adabu, wakamwuliza kama anadai kwamba mahakama imekosea. Akasema ndiyo. Wakamweleza kwamba mahakama ni chombo kisichokosea, hivyo kama kimekosea basi haikuwa mahakama, na kama haikuwa mahakama hapana hukumu ya kukatiwa rufaa. Wakamtakia safari njema.

Alirudi tena na tena. Makarani wakamzoea, wengine wakaanza kuja kwake kusuka. Aliwasuka. Akiwa amewashika nywele aliwaeleza habari za ngazi na pua, neno kwa neno kama zilivyokuwa, bila kuongeza chumvi. Alikuwa amejiapiza kwamba katika jambo hili hatasema uongo hata mmoja, kwa sababu kitu pekee walichokuwa nacho, yeye na ndugu yake, ni ukweli. Makarani walimsikiliza, wakaguna, wakasimama kujitazama kwenye kioo.

Siku za kutembelea wafungwa alikwenda gerezani na chakula. Mwanzoni Chande aliuliza, "Dada, wamesemaje?" Baadaye akawa haulizi. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa ndefu kama ya mtoto wa ndege. Kisha ikaja siku aliyomsogelea dada yake kwenye wavu na kunong'ona:

"Dada, una hakika sikufanya?"

"Unasema nini wewe?"

"Wanasema kila siku. Asubuhi wanasema, jioni wanasema. Nawaza, labda nilitoka nikiwa usingizini."

Sikudhani alishika wavu mpaka vidole vikafa ganzi. Mpaka siku hiyo alikuwa akiogopa kwamba watamwua ndugu yake. Hakuwa amejua kwamba wanaweza kumwacha hai na kumtoa ndani ya kichwa chake mwenyewe.

"Chande," alisema, "wewe uliendesha baiskeli bila taa. Basi. Hilo ndilo kosa lako duniani. Mengine ni yao."

*

Mambo yangebaki hivyo kama wafadhili wasingeuliza swali. Wafadhili wa Shwari walikuwa watu waungwana, walitoa misaada bila kuuliza, ila kila baada ya muda waliuliza kidogo ili wapate usingizi. Safari hii waliuliza: je, huwa mnakosea kumfunga mtu, na mkikosea, huwa mnajisahihisha?

Baraza la mawaziri lilikaa likatoka jasho. Kusema hawakosei, wafadhili hawataamini. Kusema wanakosea, Mtukufu hatapenda. Aliyewaokoa ni Mheshimiwa Ndaro, Waziri wa Taswira Njema, mtu mwenye tumbo la heshima na sauti ya kutangazia mpira.

"Ndugu mawaziri," alisema, "serikali haiwezi kukosea katika maisha. Lakini katika filamu inaweza! Tutengeneze filamu. Dada anapigania kaka yake aliyefungwa bila kosa, serikali inasikia kilio chake, inalia naye, inamtoa. Tutakosea ndani ya filamu na kujisahihisha ndani ya filamu hiyo hiyo, na nje ya filamu mambo yatabaki shwari."

Filamu ikapewa jina *Serikali Ina Moyo*. Ili ionekane ya kweli, walitafuta kisa cha kweli, na makarani wakakumbuka yule msusi. Sikudhani akaitwa wizarani, akakalishwa kwenye kochi lililommeza hadi mabegani.

"Mama, hongera!" alisema Waziri. "Taifa zima litakulilia. Mtukufu mwenyewe ameahidi kutoa chozi kwenye uzinduzi."

"Na Chande atatoka lini?"

"Dakika ya themanini na tano," alisema Waziri. "Mwishoni kabisa, muziki ukiwa umepanda."

"Nauliza Chande mwenyewe, Mheshimiwa. Aliye gerezani."

Waziri alimtazama kwa upole, kama mtu anayetazama mtoto aliyeuliza mwezi huliwa na nani. "Mama, ukianza kuchanganya filamu na maisha, hutafurahia chochote."

Sikudhani alitaka kuinuka aondoke, kochi likamkatalia. Alipokuwa akihangaika kujinasua alisikia kwamba filamu itarekodiwa ndani ya gereza lenyewe, na akatulia. Gereza lenyewe maana yake siku nyingi karibu na Chande, bila wavu. Akakubali, ila akaomba nafasi ya kuigiza.

Walimjaribu katika nafasi ya dada. Mwongozaji alimtazama akisimulia jinsi ndugu yake alivyofungwa, akapiga miayo. "Huzuni yako haifiki kwenye kamera, mama. Iko ndani mno." Nafasi hiyo akapewa Mlimbwende wa Taifa, aliyeweza kulia jicho moja moja. Sikudhani akapewa kazi ya kupiga vigelegele langoni siku kaka anapoachiwa. Nafasi ya Chande ilichukuliwa na kijana aliyejiita Mtanashati, nyota wa matangazo ya sabuni, ambaye mama yake, Bi. Salme, alikuwa dada wa tumbo moja na Waziri Ndaro. Lakini vipaji, alisema Waziri, havichagui ukoo.

*

Gerezani ilizuka shida ya sura. Mwongozaji aliwatazama wafungwa halisi akashtuka. "Hawa hawafai. Wamekonda kupita kiasi, watu wataona tumetia chumvi." Akaamua askari magereza, waliokuwa wanene na wenye afya, wavae kaptura na kuwa wafungwa. Askari wakawa hawapo. Basi wafungwa wakavishwa magwanda, kofia na virungu, wakawa askari. Kila mtu aliona ni jambo la busara.

Ndipo Chande akapewa gwanda la sajenti. Lilimpwaya, lakini mkanda ulilishika. Kazi yake ilikuwa moja: muziki ukipanda, afungue lango kubwa, amtoe Mtanashati nje kwa heshima, akabidhi funguo, arudi ndani. Mtanashati yeye alijitoa mhanga kwa ajili ya sanaa. Aliacha kuoga, akanyoa ndevu nusu nusu, akakataa hoteli na kulala selo, akivaa kaptura iliyoandikwa pajani namba na jina la Chande. "Nataka kuingia ndani ya uhusika," alisema. Askari wakamfungia kila jioni kwa makofi.

Siku ya lango ilipofika jua lilikuwa kali. Nje walisimama akina mama wa kulipwa, Sikudhani miongoni mwao, na nyuma yao kizuizi cha barabarani chenye askari wachache wa kweli waliokataa kuvaa kaptura. Mwongozaji akapaza sauti. Lango likafunguka kwa kelele, Mtanashati akatoka akapiga magoti, akainua mikono mbinguni, akaangua kilio. Mlimbwende akamkimbilia. Kamera zote zikawainamia.

Chande alisimama kando na funguo mkononi. Dada yake alikuwa hapo mbele yake, angeweza kumgusa.

"Dada," alisema bila kusogeza midomo, "nifanyeje?"

Sikudhani hakuwa amepanga lolote. Baadaye watu walimtungia kwamba alipanga tangu mwanzo, kwamba alikuwa na gari, kwamba alihonga. Uongo. Alichofanya ni kutazama gwanda la mdogo wake, tepe begani, kofia usoni, na kuelewa kwamba katika nchi hii hakuna anayetazama chini ya kofia.

"Tembea," alisema. "Nishike mkono kama unanifukuza."

Chande akamshika mkono, akamvuta kupita kundi la wapiga vigelegele. Wenzake wakadhani msusi amekosea sehemu yake, wakazidisha vigelegele kumfichia aibu. Kwenye kizuizi askari wa kweli aliona tepe begani, akakakamaa, akapiga saluti. Chande naye akapiga. Mwongozaji aliwaona kwa mbali akamwambia mpigapicha, "Umemwona yule sajenti? Jinsi anavyotembea! Ana kipaji, lakini hajasoma."

Kufikia jioni walikuwa wamevuka mto, kwa shangazi yao aliyeolewa nchi ya jirani. Chande alivua gwanda, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya jiwe. Kisha akalala, hakuamka mpaka kesho yake mchana. Sikudhani akarudi mjini, akafungua saluni kama kawaida, na mtu alipomuuliza hali, akajibu shwari.

*

Usiku wa siku ile ya lango gereza lilihesabiwa, mfungwa mmoja akapungua: Chande Mkanga. Mkuu wa gereza akahesabu upya. Magereza ya Shwari hayajawahi kupoteza mtu. Aliyepoteza mtu ndiye huhesabiwa badala yake. Akakimbia selo hadi selo na kurunzi, mpaka kwenye selo ya mwisho, ambamo Mtanashati alikuwa amerudi kulala usiku wa mwisho wa uhusika, akamkuta kijana amelala na kaptura yenye namba na jina lile lile.

"Si huyu hapa!" alisema, nusura ambusu. "Hesabu imetimia. Fungeni."

Asubuhi Mtanashati aliomba maji ya moto ya kuoga, uhusika umekwisha. Askari wakacheka. Akasema yeye si Chande. Wakacheka zaidi. Akapiga kelele kwamba yeye ni mwigizaji. Mmoja wao, mtu mwenye huruma, akamshauri asiseme hivyo mbele ya watu, maana kuigiza kifungo bila kibali ni kosa jingine. Mwongozaji aliambiwa kwamba nyota wake ameshaondoka. Kwa kuwa picha zilitosha, hakuuliza. Filamu ikakamilishwa, ikapelekwa kwa wafadhili, wakalia wakatoa msaada. Mtukufu alitoa chozi lake kama alivyoahidi. Nchi nzima ikajaa mabango yenye uso wa Mtanashati, machozi yakimetameta, na chini yake maandishi makubwa: CHANDE.

Waziri Ndaro aliporudi kutoka ziara za kupokea sifa, alimkuta dada yake, Bi. Salme, amekaa mlangoni kwake bila viatu. Alipoelezwa, alicheka, kisha hakucheka. Akaenda kwa Jaji Msumeno.

"Jaji, kuna mzaha umetokea. Mpwa wangu yuko gerezani kwa jina la mtu mwingine. Mtoe."

"Una ushahidi kwamba si Chande?"

"Mimi ni mjomba wake!"

"Ndugu wote husema hivyo, Mheshimiwa. Tungewasikiliza ndugu, magereza yangebaki mabohari."

"Lakini uso wake uko kwenye mabango nchi nzima!"

"Nimeyaona," alisema Jaji kwa heshima. "Yameandikwa Chande. Tena yana nembo ya wizara yako."

Waziri akafoka, akapiga meza, akataja vyeo vyake vyote na viwili ambavyo bado hajapewa. Jaji akamsubiri amalize. "Nikisema huyo si Chande, nitakuwa nimesema gereza limepoteza Chande. Nikisema gereza limepoteza Chande, nitakuwa nimesema serikali imekosea. Wewe ni Waziri wa Taswira Njema. Hebu nishauri."

*

Bi. Salme ndiye aliyekwenda kwa Sikudhani. Alikuja peke yake, bila gari la wizara, nywele zimesokotana kama sufi ya godoro. Alikaa kwenye kiti cha kusukia, akatazamana na msusi kupitia kioo.

"Mwanangu hana hatia," alisema.

Sikudhani alikuwa ameyasema maneno hayo mara nyingi mno, na mara zote alijibiwa jibu moja. Sasa jibu hilo lilimjia mwenyewe mdomoni kabla hajalizuia. "Kila mama husema hivyo."

Alipolisikia likitoka, akaona haya. Bi. Salme hakukasirika. Alishusha macho tu, kama Chande alivyoshusha siku ya hukumu. Sikudhani akachukua chanuo, akaanza kumfungua mafundo ya nywele taratibu, kuanzia chini, asimwumize.

"Najua hana hatia," alisema. "Ni mpumbavu, dada yangu, lakini upumbavu haufungwi huku. Ungefungwa, mngebaki nani?"

Bi. Salme akacheka na kulia pamoja. Kisha akaeleza kilichomleta. Kaka yake amepata njia: Mtukufu atatoa msamaha kwa mfungwa Chande Mkanga, kwa kuguswa na filamu. Ila kanuni inataka anayeachiwa apokelewe na ndugu wa damu, na ndugu wa damu wa Chande ni Sikudhani.

"Msamaha wa nini?" aliuliza Sikudhani.

Kesho yake Waziri mwenyewe alikuja, akajibana ndani ya saluni ya mabati, kichwa chake kikigusa mashine ya kukaushia nywele. "Mama, anayesamehewa haulizi."

"Husamehewa aliyekosa. Chande hakukosa. Jaji aseme kwa mdomo wake, mahakamani, mbele ya watu, kwamba Chande Mkanga hakuvunja pua. Hapo nitakuja langoni, nitamkumbatia mpwa wako hata siku nzima."

"Haiwezekani! Mahakama haijawahi..."

"Basi mwacheni akae. Miaka si mingi, na maharage yapo."

Waziri alifungua kinywa atoe hotuba. Bi. Salme, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimgeukia. "Ndaro! Mpe mwanamke huyu anachotaka, au nitakwenda sokoni niwaambie watu jinsi ulivyoupata uwaziri!"

Waziri akatoka kinyumenyume, akaenda kwa Jaji.

*

Siku ya kusomwa uamuzi mahakama ilijaa hadi madirishani. Jaji Msumeno alionekana amekonda. Kwa siku nyingi alikuwa akitafuta namna ya kumwachia mtu bila kukosea, kazi asiyoizoea. Hatimaye akakohoa, akasoma.

"Mahakama imekwenda kuikagua sanamu ya Mtukufu. Imejiridhisha kwamba haina pua, haikuwahi kuwa na pua, wala haikukusudiwa kuwa nayo. Kiongozi wetu hana haja ya kunusa. Ana watu wa kumnusia. Kwa kuwa pua haikuwepo, haikuvunjika. Kwa kuwa haikuvunjika, Chande Mkanga hakuivunja. Mahakama haikukosea ilipomfunga, wala haikosei leo inaposema kwamba hakufanya."

Maafisa wakapiga makofi. Sikudhani aliwatazama, watu wazima wenye tai, wakishangilia sanamu isiyo na pua, na moyo wake ukawadharau kiasi kwamba hakuwa hata na hasira. Lakini neno lile, hakufanya, lilikuwa limesemwa. Lilitoka kwenye kinywa kichafu, na bado lilikuwa lile lile. Akamshika Bi. Salme mkono.

Langoni alimkumbatia Mtanashati mbele ya kamera. Kijana alikuwa amebaki mifupa na ndevu. Alilia begani kwake, kilio cha kweli, cha kwikwi na makamasi, kisichofaa kwa sabuni yoyote.

"Dada," alisema, "mle ndani hakuna anayekusikia."

"Najua, mwanangu."

Akalia tena. Halafu akainua uso kidogo. "Kamera iko upande gani?"

*

Sikudhani alivuka mto kwenda kumchukua ndugu yake. Shangazi alitaka warudi walivyokuja, kwa njia ya matete, kimya kimya. Sikudhani akakataa katakata. Mtu aliyesemwa hana hatia aingie mlangoni. Chande, aliyekuwa ameanza kunenepa na kupiga mluzi, hakuwa na hamu sana, lakini hakuzoea kumbishia dada yake.

Kituo cha mpakani kilikuwa na maafisa watano na televisheni moja, wote wakiitazama. Ilikuwa ikionyesha *Serikali Ina Moyo*.

"Jina?" aliuliza mkubwa wao bila kugeuka.

"Chande Mkanga."

Hapo akageuka. Akamtazama Chande, akatazama televisheni, akamtazama tena Chande, uso ukakunjamana. "Chande namjua. Namwona pale analia. Wewe si Chande. Kujifanya mtu asiye na hatia ni kosa kubwa sana hapa, unajua?" Na mkono wake ukaanza kutafuta pingu mezani.

Sikudhani alimwona mdogo wake akishusha macho na kuanza kunyoosha mikono. Kweli yote ilikuwa tayari ulimini mwake: ngazi, mahabusu, jaji, pua. Angeisema tena, kama alivyoisema miaka yote, na angeisema mpaka aote mvi.

"Afande, msamehe," alisema huku akicheka. "Huyu anajizoesha tu. Ni mwigizaji. Ndiye yule sajenti wa langoni, subirini mtamwona sasa hivi."

Uongo ulitoka laini kama mafuta. Ulimwumiza kuliko alivyotarajia, kama jino linalong'olewa bila ganzi, lakini ulipotoka ulikuwa umetoka. Kwenye televisheni lango likafunguka, na pembeni akapita sajenti mwenye gwanda la kupwaya, amemshika mwanamke mkono.

"Ala! Ndiye!" maafisa wakapiga kelele. Wakainuka, wakampa mikono, mmoja akaomba wapige picha. Mkubwa wao akatupa pingu kwenye rundo la makaratasi yake. "Bwana mkubwa, hapa hatupiti hivi hivi. Hebu tuigizie kidogo! Tuigizie sajenti."

Chande akamtazama dada yake. Basi Chande akajinyoosha taratibu, akavuta pumzi, na kutoka kifuani kwa fundi baiskeli yule mpole ikatoka sauti ambayo hata yeye mwenyewe hakuwahi kuisikia:

"Simameni mstari! Vifua mbele! Macho ukutani! Kimya!"

Maafisa wote watano wakakurupuka wakasimama mstari, vifua mbele, macho ukutani. Hakuna aliyecheka. Mmoja alikuwa na chai mkononi, ikamwagikia kiatuni, hakuthubutu kutazama chini.

Chande akachukua mfuko wa dada yake, akainua kizuizi kwa mkono wake mwenyewe, wakapita. Walipofika mbali barabarani Sikudhani aligeuka. Dirishani aliwaona bado wamesimama vile vile, na televisheni ikicheza bila mtu wa kuitazama.

"Turudi tuwaambie wakae?" aliuliza Chande.

"Waache," alisema Sikudhani. "Wako shwari."